Lebo Mbili za Maji

Jumatatu, 4 Septemba

Mashine imewasili. Wote hapa ofisini wanaiita mashine, ingawa hakuna chuma kilicholetwa. Ni programu tu ndani ya kompyuta yangu. Kazi yake ni kusoma jumbe ambazo watu wa mji huu hutuma kwa simu kwenye namba ya manispaa, kuupa kila ujumbe lebo, kisha kuutia kwenye kapu la idara inayohusika. Kwa miaka kumi na tisa kazi hiyo imefanywa na mtu mmoja, Manay Consorcia Bagadiong, kwa macho yake na miwani yake iliyofungwa uzi. Wote tunamwita Manay, dada mkubwa, hata Mkuu.

Mimi, Jocelle Nasayao, mwenye diploma ya kompyuta na miaka ishirini na sita, ndiye niliyepewa kazi ya kuingiza orodha ya lebo za Manay kwenye programu. Mkuu wetu, Bwana Llaguno, alinitaja mbele ya watu wote. Nilipokuwa narudi nyumbani nikanunua daftari hili. Nataka kumbukumbu ya kazi yangu ya kwanza kubwa.

Jumatano, 6 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Viatu havikauki.

Ijumaa, 8 Septemba

Orodha ya Manay ina lebo mia mbili na kumi na nne. Zimepangwa kama ukoo: lebo mama, na chini yake watoto wake. Tatizo ni kwamba watoto wa mama tofauti wana majina yaleyale. Chini ya Barabara kuna Nyati. Chini ya Mashamba, Nyati tena.

"Manay," nikamuuliza, "nyati wawili wa nini? Si mnyama ni yuleyule?"

"Mnyama ni yuleyule, mwanangu, balaa ndilo tofauti. Wa barabarani anaua dereva, wa shambani anaua mpunga. Huyu mpelekee polisi, yule mpelekee bwana shamba. Ukiwachanganya, polisi atakwenda kuhesabu masuke."

Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka, lakini moyoni nilisema: mambo ya kizamani haya.

Alhamisi, 14 Septemba

Leo ilikuwa siku ya onyesho. Meya alitarajiwa saa saba mchana. Saa sita na nusu nilikuwa bado nasafisha faili, nikalipakia mara mbili likakataa, mara ya tatu likakubali, kisha programu ikasimama na kuuliza: Majina kumi na moja yanajirudia. Yaunganishwe? Chini yake kulikuwa na maelezo kwa maandishi madogo. Sikuyasoma. Meya alikuwa ameshaingia, nasikia kicheko chake ngazini, na tambi za kukaanga zilikuwa zinapakuliwa. Nikabonyeza Ndiyo.

Kila kitu kikaenda vizuri. Jumbe zilikuwa zinaruka kutoka kapu hili hadi lile, watu wakapiga makofi. Manay Consorcia alisimama nyuma na sahani yake. Watu walipoondoka akanisogelea.

"Mwanangu, Maji yangu yote mawili yameingia? Maji ya Hatari na Maji ya Huduma?"

"Yameingia, Manay."

Sikuwa nimeangalia. Nilimjibu kama unavyomjibu mtoto anayeuliza safarini kama tumefika.

Jumamosi, 16 Septemba

Chini ya skrini pameandikwa: lebo 203. Nitaangalia Jumatatu.

Jumatatu, 18 Septemba

Sikupata nafasi.

Alhamisi, 28 Septemba

Ripoti ya kampuni iliyotuuzia programu imekuja. Katika kila jumbe mia, mashine inapatia tisini na moja. Mkuu ameibandika ubaoni, na chini yake ameandika jina langu kwa kalamu nyekundu. Mama amepika majani ya magimbi kwa tui zito na pilipili nyingi, kunipongeza. Hakuna aliyeuliza zile tisa zinakwenda wapi.

Alhamisi, 5 Oktoba

Naandika hili kwa sababu nilijiahidi kuandika kila kitu.

Leo nilipita kwenye kapu la Huduma, ambako huingia malalamiko ya mabomba, umeme na takataka, na watu wa idara hiyo huyajibu ndani ya siku tatu za kazi. Nikakuta ujumbe wa mama mmoja wa kando ya mto: Maji yameingia jikoni, yanapanda. Nikatafuta lebo ya Maji chini ya Hatari. Hatari ina Moto, ina Upepo, ina Udongo. Maji hayapo. Yameunganishwa na Maji ya Huduma, mabomba na mito kapu moja.

Nikajua papo hapo nilichokifanya tarehe 14. Nikauhamisha ujumbe kwa mkono kwenda Hatari, nikampigia yule mama, maji yalikuwa yameshashuka. Nikafunga skrini.

Kusahihisha maana yake ni kuingiza orodha nzima upya. Mashine ingesimama siku nzima, na Mkuu angeuliza kwa nini. Nimejiambia nitafanya mwisho wa mwezi, wakati kampuni yenyewe itaizima kwa matengenezo. Hakuna atakayejua.

Jumatano, 11 Oktoba

Manay amehamishiwa meza ya karibu na ngazi, kugonga mihuri ya vibali. Mkuu alimwambia, "Macho yako yamepumzika sasa, Manay."

"Macho yamepumzika," akasema, "mdomo bado." Watu wakacheka. Kisha akabeba miwani yake na mto wake wa kukalia, akashuka.

Alhamisi, 19 Oktoba

Tufani inakuja. Shule zimefungwa. Mama amefunga bati la jikoni kwa kamba.

Jumapili, 22 Oktoba

Hizi ni habari za Ijumaa. Jana mkono ulikataa kuandika.

Tulifika ofisini saa kumi na moja alfajiri: Mkuu, mimi, na waokoaji wanane chini ya Gaspar, tunayemwita Manoy, kaka mkubwa. Boti zao tatu za mpira zilikuwa tayari mlangoni. Simu za sauti zilikatika mapema. Jumbe tu ndizo zilizokuwa zinapita. Mkuu akavuta kiti akakaa nyuma yangu.

"Leo ndiyo siku ya mashine," akasema.

Saa kumi na mbili, kapu la Hatari lilikuwa na jumbe tano: miti iliyoanguka na mabati yaliyong'oka. Saa moja, jumbe tisa. Waokoaji walikuwa wanakunywa kahawa. Manoy Gaspar akasema mto leo una adabu. Mkuu akasema watu wamejifunza kuhama mapema.

Namba ya kapu la Huduma nilikuwa naiona pembeni ya skrini. Ilikuwa arobaini. Ikawa tisini. Naapa nilijiambia ni watu wanaolalamikia bomba na umeme uliokatika, na pengine wengine walikuwa hao. Lakini kidole changu kilikuwa juu ya kapu hilo, na pumzi ya Mkuu ilikuwa shingoni mwangu. Kulifungua mbele yake kulikuwa ni kukiri. Nikaondoa kidole. Ikawa mia na ishirini. Nikaenda msalani nikanawa uso. Nikarudi, ikawa mia na arobaini.

Saa nne na nusu mlango ukasukumwa. Manay Consorcia, amelowa hadi nywele, koti lake la mvua limechanika begani, ametembea kutoka kwake kwa sababu hakuna gari linalopita.

"Gaspar! Boti zako zinafanya nini hapa?"

"Zinasubiri wito, Manay."

"Wito gani? Mto umepita juu ya daraja! Nimeona friji ya mtu inaelea!"

Mkuu akainuka. "Manay, hatujapata ujumbe hata mmoja wa mafuriko."

Manay akampita. Alikuja hadi kwangu, maji yakimdondoka kwenye kibodi yangu, akasema, "Toka." Nikatoka. Akakaa, akafungua Huduma, akaanza kusoma kwa sauti, akiwaita waokoaji kwa majina. Maji yamefika kiunoni, tuko watatu, nyumba ya kijani. Maji, maji, tafadhali. Tuko juu ya paa la shule. Jumbe mia na sitini na saba. Ujumbe wa kwanza uliingia saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi. Boti ziliondoka saa tano kasorobo.

Walileta watu sitini na wanane. Wa mwisho walitoka Tabok, kitongoji cha ng'ambo ya mto: mzee mmoja, Eleuterio Bonganay, na mkewe Salvacion, ambaye kiharusi kilimlaza tangu mwaka juzi. Mume alikuwa amemshikilia juu ya kabati kwa saa tano, maji yakiwa kifuani. Mke alipofikishwa, midomo yake ilikuwa ya buluu. Nilimfunika mimi mwenyewe kwa blanketi. Mzee akaniambia ahsante.

Salvacion Bonganay amefariki jana saa tisa mchana.

Jumanne, 24 Oktoba

Kikao. Meya, Mkuu, sisi wote wa ofisi. Mtu wa kampuni alizungumza kwa simu iliyowekwa katikati ya meza. Akasema kifupi: orodha iliyoletwa ilikuwa na majina yaliyojirudia, na hivyo lebo zikaungana.

"Orodha ya nani?" akauliza Meya.

"Ya Manay Consorcia," akasema Mkuu.

Kukawa kimya. Kimya hicho kilikuwa changu. Nilitakiwa mimi kukivunja. Nilitazama karanga zilizokuwa kwenye kisahani, nikazihesabu. Zilikuwa kumi na saba.

Manay akavua miwani. "Ni kweli," akasema taratibu. "Maji niliyaandika mara mbili. Sikujua kwamba mashine haisomi kama mtu. Nilimuuliza mtoto huyu kama yote mawili yameingia, akasema yameingia. Basi yeye hana kosa. Yaliingia yakiwa na jina moja, yakachanganyika humo ndani. Kosa ni langu."

Alinitetea. Alichukua uongo wangu akautumia kunitetea, kwa sababu hakuwaza hata kidogo kwamba naweza kumdanganya.

Alhamisi, 26 Oktoba

Programu inaweka kumbukumbu ya kila kitu. Nimeitafuta. 14 Septemba, saa sita na dakika arobaini na saba: majina 11 yanajirudia, yaunganishwe? Ndiyo. J. Nasayao. Maelezo madogo ambayo sikuyasoma yanasema: lebo zenye jina moja chini ya mama tofauti zitawekwa chini ya mama mmoja tu. Ukichagua Hapana, kila moja itabaki kwao. Ilikuwa ni kubonyeza kitufe cha pili. Basi.

Ijumaa, 27 Oktoba

Mvua. Sikula.

Jumatano, 1 Novemba

Hapa kwetu leo ndiyo siku ya wafu. Mji mzima makaburini na mishumaa na vyakula. Baada ya kusafisha kaburi la Baba nikaona, safu ya tatu, udongo mpya. Mzee Bonganay alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Binti yake alisimama mbali naye, amempa mgongo. Nikapita njia nyingine.

Mama akaniuliza, "Umemwona nani?"

"Sijamwona mtu."

Jumatatu, 6 Novemba

Manay ameandika barua ya kustaafu. Alikuwa na miaka mitatu bado. Wafanyakazi wenzangu wanachanga keki ya kumuaga. Wamenipa mimi kazi ya kuandika kadi, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri.

Alhamisi, 9 Novemba

Kadi iko hapa mbele yangu. Nimeandika: Kwa Manay wetu. Siwezi kuendelea.

Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi ndiye mwosha, na maiti ni mimi.

Jumapili, 12 Novemba

Baada ya misa nimekwenda kwa Manay. Anaishi peke yake na kuku. Alikuwa anaanika magodoro yaliyolowa. Akafurahi kuniona, akasema nikae, nimenyauka, nile kitu. Nikabaki nimesimama. Nikatoa karatasi ya kumbukumbu niliyoichapisha, nikampa.

Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Akarudia.

"Hii Ndiyo," akasema, "ni ya nani?"

"Yangu."

"Ukaniambia yameingia."

"Sikuwa nimeangalia, Manay. Na tarehe tano Oktoba nilijua. Nilijua kabla ya tufani. Na siku ile pia namba nilikuwa naiona."

Nilitarajia alie, au anikumbatie kama kwenye tamthilia. Alinichapa kwa ile karatasi usoni. Haikuuma. Akanichapa tena.

"Siku kumi na tisa! Siku kumi na tisa nalala na kifo cha Salvacion! Nimeenda kwa padri, nikamwambia nimeua mtu kwa kuandika neno mara mbili. Na wewe unanipitia hapo ngazini kila asubuhi, habari za asubuhi Manay, umekula Manay! Una moyo gani, wewe mtoto?"

Kuku wakakimbilia uvunguni mwa nyumba.

"Ungekuja siku ile ya kwanza," akasema, na sauti ikamvunjika, "ningekusaidia kuirekebisha kwa nusu saa. Ningekucheka kidogo, basi."

Akageukia magodoro yake. Nilipofika getini akaniita, bila kugeuka.

"Usidhani umemaliza. Mimi siyo niliyefiwa."

Jumatatu, 13 Novemba

Mkuu aliisoma karatasi, akaikunja mara nne.

"Jocelle, kampuni imesharekebisha lebo ya Maji. Manay anastaafu kwa heshima. Maiti amezikwa. Unataka kumfukua nani?"

"Manay hana kosa, Mkuu."

"Na hata boti zingetoka mapema, unadhani zingefika Tabok na mkondo ule? Gaspar mwenyewe anasema labda."

Hiyo ndiyo faraja wanayonipa. Labda. Nimeijaribu, haitoshi hata kufunika kidole.

Nikamwambia nina nakala nyingine na Ijumaa baraza linakaa.

"Unajichoma mwenyewe," akasema. Hakuwa na hasira. Nafikiri alikuwa na hofu. Ripoti yenye jina langu jekundu bado ilikuwa ubaoni, na sahihi yake iko chini.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimeisoma ile karatasi mbele ya baraza. Nikasema tarehe zote tatu: niliyobonyeza, niliyojua, niliyoondoa kidole. Baadhi ya watu walitazama meza. Mwanamke mmoja wa kando ya mto, aliyekuwa juu ya paa la shule na wanawe, akaniita muuaji, akatoka nje. Wamenisimamisha kazi miezi sita, shauri langu linaendelea kuchunguzwa. Mkuu ameandikiwa barua ya onyo. Wamemwomba Manay aiondoe barua yake ya kustaafu.

Amekubali kwa sharti moja: orodha iingizwe upya, yeye akiwa amekaa hapohapo.

Jumamosi, 18 Novemba

Walinipa siku moja ya kukabidhi kazi. Tulikaa, Manay upande wa kulia, kijana wa kampuni upande wa kushoto. Manay hakunisalimia. Programu ikauliza lilelile swali. Manay akasoma maandishi madogo yote kwa sauti, mpaka nukta.

"Hapana," akasema.

Nikabonyeza. Lebo 214. Akazipitia moja moja kwa saa mbili, nyati wote wawili, maji yote mawili. Tulipomaliza akasema, "Nenda ukale," kama anavyomwambia mtu yeyote.

Ni hayo tu aliyonipa. Sikustahili zaidi.

Jumamosi, 25 Novemba

Leo nimevuka kwenda Tabok. Mama alitaka tuende wote, nikakataa.

Nyumba ya mzee Bonganay ina mstari wa matope ukutani, juu ya kimo changu. Alikuwa anapiga randa ubao wa mlango. Akanitambua: "Wewe ndiye wa blanketi." Akanivutia kiti. Habari za baraza hazikuwa zimemfikia. Redio yake ilikwenda na maji.

Nikamweleza. Nilikuwa nimejizoeza maneno njia nzima, yakatoka ovyo, lakini yakatoka yote. Nikamwambia kwamba jumbe zake ziliingia, zikakaa kwenye kapu la mabomba kwa sababu yangu, na kwamba nilijua kabla, na nikanyamaza.

Alisikiliza akitazama randa mikononi. Nikasubiri anifukuze. Nilitaka anifukuze.

"Ziliingia?" akauliza.

"Ziliingia, Tiyo," nikasema, nikimwita mjomba kwa heshima. "Zote nne. Ya kwanza saa kumi na mbili na dakika tisa."

"Zikasomeka?"

Sikuelewa. "Zinasomeka vizuri."

Akaiweka randa chini. "Mimi niliishia darasa la tatu. Aliyekuwa anajua kuandika ni Salvacion. Siku ile mkono wake haukuweza, nikaandika mimi. Binti yangu anasema nilikosea. Anasema lazima niliandika upuuzi, ndiyo maana hawakuja. Hataki kuniona. Nami nikasema kweli, nitakuwa nimekosea. Mwezi mzima najiuliza ni herufi gani."

Kumbe aibu yangu haikukaa kwangu. Nilidhani nimeificha chini ya mto wangu, kumbe imezunguka mji mzima ikitafuta pa kulala. Ililala kwa Manay, ikavuka mto, ikalala kwa mzee huyu aliyepigana na maji saa tano.

"Hukukosea," nikamwambia. "Hata herufi moja."

"Unazo?"

Nilikuwa nimezichapisha. Nilidhani ningemwachia tu, kama ushahidi dhidi yangu. Akazitazama mbali na macho, akanirudishia.

"Subiri." Akaenda hadi mlangoni, akaita kuelekea nyumba ya pili. "Erlinda! Erlinda, njoo!" Akaita tena, kwa sauti ambayo sikudhani anayo. Akatoka yule mwanamke wa makaburini, mikono ina unga wa sabuni, akasimama uani, hakupanda ngazi.

"Huyu anatoka manispaa," mzee akasema. "Atakueleza kosa lake baadaye, na wewe utamfanya utakavyo. Kwanza sikiliza." Akanigeukia. "Soma, mwanangu."

Nikasimama kwenye kizingiti, nikasoma kwa sauti.

"Sisi Bonganay wa Tabok. Maji ndani ya nyumba. Mke wangu hawezi kutembea. Njooni na boti."

Binti alifunika mdomo kwa mikono yake yenye sabuni.

"Soma tena," akasema mzee.